Shato la Euro Moja

Jumamosi moja ya Septemba, saa nne asubuhi, Anselme Courtebotte alikuwa katika soko la Capucins mjini Bordeaux akila chaza ambao hakuwa na nia ya kuwalipia, aliposikia mwanamke wa meza ya jirani akimlalamikia mumewe.

"Gontran, nimechoka kuwaambia watu kwamba Jumapili tuko nyumba ya shamba. Nyumba ya shamba hata dada yangu anayo. Nataka niseme nakwenda shatoni."

Anselme akaweka chaza chini. Kwa mtu wa kazi yake, sentensi kama hiyo ni riziki iliyojileta yenyewe hadi mezani, imeoshwa na kukatiwa ndimu.

Hapa inabidi nisimame kidogo niseme habari za neno hilo, maana limeshatia hasara watu wengi na sipendi lilaumiwe bila kusikilizwa. Huandikwa château, na ile a ya kwanza imevikwa kofia, nadhani ili herufi nyingine zijue nani mkubwa. Hapo kale lilikuwa ngome: kuta nene, mnara, na bwana mwenye hasira ndani yake. Baadaye mabwana wakachoka kukaa gizani, wakatoboa madirisha, wakapanda maua, na jina wakabaki nalo. Kisha kila tajiri aliyejenga jumba huko mashambani lenye bustani ya kupotelea akasema naye ana shato, na nani angembishia? Sisi watu wa Bordeaux ndio tulioliondolea haya kabisa. Kwetu, ukiwa na mizabibu yako na mahali pa kuikamulia, ruksa kubandika shato kwenye chupa, hata kama mahali penyewe ni kibanda na mlinzi wake ni mbwa mwenye upele. Niliwahi kupelekwa kwa heshima zote kwenye shato moja, nikakuta gereji. Nikavua kofia, adabu ni adabu.

Turudi kwa Anselme. Alikuwa na miaka hamsini na nne, nywele za fedha zilizolala vizuri, skafu ya hariri na sauti ya mtu aliyelelewa na yaya watatu. Ukweli ni kwamba wakati huo alikuwa analala chumba cha kufulia nguo nyumbani kwa dada yake, kati ya mashine na kamba, na dada alikwishamwambia mwisho wa mwezi atoke. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mlango wake mwenyewe wa kufunga kwa ndani. Na alikuwa na sharti moja la kazi ambalo hakuwahi kulivunja kwa miaka thelathini. Hakutia saini kwa jina lake la kweli, popote, hata kwenye kadi ya rambirambi.

Akainuka, akainama kiasi. "Samahani sana, mama. Sina tabia ya kuingilia maongezi ya watu. Lakini mtu akilitamka shato kwa mapenzi namna hiyo, damu yangu hainyamazi."

"Damu yako ina nini?" akauliza yule mume.

"Aymar de Larquebise. Vikomti, cheo cha ukoo, ila tusiyaguse hayo, tuko sokoni."

Mume aliitwa Gontran Pouyade, mwanamume mnene mwenye mikono mifupi, muuza vigae aliyetandaza nusu ya vyoo vya mkoa. Mkewe Josiane alikuwa ameshaona skafu, akawa ameridhika na ushahidi.

"Larquebise ile yenye minara minne?" akauliza Josiane. "Tunaiona tukipita barabarani!"

"Minara mitano, mama. Mmoja una haya, umejificha nyuma ya mingine."

"Mnauza?" akasema Gontran.

Anselme akafumba macho kama aliyekanyagwa. "Bwana Pouyade, watu wa ukoo wetu hawauzi. Mara chache sana, wakimpata mtu anayefaa, hukubali kuachana."

"Haya, kuachana ni bei gani?"

"Euro laki sita. Na kimya. Shangazi yangu, Baroni Hermine, ni mzee. Akisikia bei atazirai. Kesho anafungua milango kwa wageni wachache, njooni mtazame."

Josiane alimfinya mumewe chini ya meza hadi chaza wakatikisika. Anselme akawaachia heshima ya kulipa, akaondoka.

Kesho yake ilikuwa Siku ya Urithi, ile Jumapili ambayo majumba yote ya wakubwa huacha milango wazi na Ufaransa nzima kwenda kutazama vitanda vya watu wengine. Larquebise palikuwa na watu kama mia nne, watoto wakiteleza sakafuni kwa soksi, na askari wawili uwanjani wakipanga magari.

"Wageni wachache?" akauliza Gontran.

"Shangazi anapendwa."

"Msiguse mapazia!" akafoka mzee mmoja mwenye beji kifuani, mwanakijiji aliyejitolea siku hiyo.

"Mtumishi wa miaka mingi," akanong'ona Anselme. "Mapazia hayo kayalea kama wanawe."

Alikuwa amesoma karatasi ya wageni pale langoni, ukurasa mmoja, na kwa huo ukurasa mmoja aliwapitisha vyumba kumi na viwili. Alipofika kwenye ngazi ya kwenda juu akakuta kamba imefungwa na kibao cha hatari. Hakujua kwa nini, wala hakuuliza. Akasema huko juu kuna vumbi la karne ya kumi na saba na lisingependeza kwa viatu vya Josiane. Josiane akavitazama viatu vyake kwa heshima mpya.

Mambo yaliharibika jikoni. Huko aliketi bibi kizee wa miaka themanini na tatu, sweta tatu mwilini, mbele ya meza iliyojaa chupa za jamu ya tini. Kila chupa ilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: Msaada wa Paa. Kabla Anselme hajawageuza, Josiane alikwishamfikia.

"Shangazi! Tumeletwa na mtoto wa kaka yako, Vikomti Aymar!"

Anselme akageuka kutafuta njia. Mlango wa nje ulikuwa mbali, na askari walikuwa karibu nao. Bibi kizee akashusha miwani, akamtazama kuanzia nywele hadi viatu, bila haraka.

"Aymar," akasema. "Mwanangu. Njoo unibusu."

Anselme akainama. Bibi akambusu shavu la kulia. "Mbona umekua hivi?"

"Nina miaka hamsini na nne, shangazi."

"Ndiyo maana nashangaa." Akambusu shavu la kushoto, na sikioni akamwambia taratibu, "Mimi sina kaka. Baba yangu naye hakuwa na kaka. Nifuate stoo."

Stoo ya vyombo ilikuwa na harufu ya panya na sabuni. Bibi Hermine akafunga mlango, akaketi juu ya sanduku.

"Ulikuwa unamuuzia kwa bei gani?"

"Bibi, naomba unisamehe, nina dada mgonjwa…"

"Bei gani?"

"Laki sita."

"Anafanya biashara gani?"

"Vigae vya vyoo."

"Mtu wa vigae unaanza naye laki nane. Una nywele nzuri, kijana wangu, lakini huna moyo." Akatoa leso, akapenga kamasi. "Sasa nikiita, askari wale watakuja. Wamekula tati zangu mbili za tini kila mmoja, wana deni la adabu. Au tufanye kazi ya watu wazima. Nikuuzie jumba hili, kweli, kwa hati. Kwa euro moja. Halafu wewe muuzie kwa bei utakayo, usinigawie hata senti."

Anselme alikuwa ametapeli watu wengi, lakini hakuwahi kusikia sauti tamu kama ile. Akatafuta mtego. Akautafuta kweli, nampa haki yake.

"Wewe unapata nini?"

"Nataka chumba kimoja mjini Arcachon, chenye joto na lifti. Sina mtoto. Nikifa, serikali itachukua, iweke mabango na choo cha kulipia. Heri achukue mhuni mwenye skafu."

"Paa je? Chupa zako zinasema paa."

"Paa la mzee kama mimi. Lina mambo yake." Akatazama kucha. "Nitabaki na mizabibu yangu michache kule nyuma ya reli, na banda lake. Ni kumbukumbu ya baba tu."

"Baki navyo, shangazi!" akasema Anselme. Aliona hata vibaya kumwachia kibanda tu, akampa na busu lingine.

Huku nyumba haihami mkono hadi ipite kwa wakili wa hati, na wakili wa hati sharti asome waraka wote kwa sauti mbele ya wahusika, neno kwa neno. Wakili wa kijiji hicho aliitwa Delpuech, mtu mwembamba aliyesoma kama nyuki aliyefungiwa nyuma ya pazia. Kabla hajaanza, akanyoosha mkono.

"Kitambulisho cha mnunuzi."

Anselme akatoa kimoja. Alikuwa navyo vitatu.

"Cha kweli, mwanangu," akasema Bibi Hermine, akifuma soksi. "Kwa karatasi ya uongo utapata nyumba ya uongo, na mtu wa vigae naye ana wakili wake."

Bibi alisema kweli. Ili auze kihalali ilimpasa amiliki kihalali. Anselme aliogopa, na si woga wa kuigiza. Kisha akawaza laki nane, akawaza mlango wa kufunga kwa ndani, akafungua bitana ya koti na kutoa kadi iliyokunjamana: Courtebotte, Anselme Fulbert. Ilikuwa kama kumtoa ndugu aliyefichwa darini.

Delpuech akasoma. Ukurasa wa kwanza Anselme alisikiliza. Wa tatu alitazama dirisha. Kuanzia wa kumi na moja hadi wa kumi na tisa, zilipotajwa habari za jumba kuwa kumbukumbu ya taifa, na amri ya wizara, na wajibu wa mnunuzi, yeye alikuwa mbali, akichagua rangi ya gari. Fikirieni ndugu zangu: mtu aliyekula miaka thelathini kwa mgongo wa wasiosoma, siku aliyosomewa bure akapiga miayo.

"Mnunuzi ameelewa?"

"Vizuri mno."

Akatia saini polepole, kwa sababu alikuwa amesahau jinsi anavyoiandika C kubwa. Akatoa euro moja. Bibi Hermine akaijaribu kwa jino.

Mwezi huohuo Gontran Pouyade akatia saini ahadi ya kununua kwa laki nane, mbele ya wakili yuleyule. Kuhusu jina, Anselme alimweleza kuwa Courtebotte ni la upande wa mama na lile la Vikomti hulivaa sikukuu tu, na Bibi Hermine akaitikia kwa kichwa bila kukosa kitanzi cha uzi. Kilichobaki ni kusubiri siku kumi, maana sheria humpa mnunuzi siku kumi za kubadili mawazo bila kuulizwa sababu. Anselme akahamia Larquebise na sanduku lake moja. Akafunga mlango kwa ndani. Akaufungua, akaufunga tena. Hata mimi nisiyempenda nakiri alistahili usiku ule mmoja mzuri.

Siku ya tisa, tarishi akaleta barua ya rejista. Pouyade amebadili mawazo.

Anselme alikwenda mbio kuwatafuta na hakuhitaji kwenda mbali. Aliwakuta nyuma ya reli, kwenye lile banda. Gontran alikuwa juu ya ngazi akipigilia kibao kipya kilichoandikwa Château Larquebise kwa herufi za dhahabu, kofia ya a ikiwa kubwa kuliko ilivyo kawaida. Josiane alikuwa amekaa juu ya kreti, simu sikioni.

"Jumapili siwezi, mpenzi," alikuwa akimwambia dada yake. "Jumapili nitakuwa shatoni."

"Hili ni banda!" akafoka Anselme.

"Polepole na shato langu," akasema Gontran.

"Shato ni lile kule lenye minara!"

"Lile ni jumba lenye minara. Wakili katufafanulia. Huku jina la mvinyo linafuata mizabibu, halifuati mawe. Tangu enzi za babu yake yule bibi, chupa za Larquebise zimetoka kwenye hili banda, na sisi tumelinunua. Laki mbili na nusu, mizabibu, jina na panya wake."

"Na lina paa," akasema Josiane, akifunika simu kwa kiganja. "Bati jipya. Bibi Hermine alituonyesha barua ya serikali kuhusu paa lako. Pole sana, Vikomti."

Anselme alirudi kwa miguu. Uwanjani teksi ilikuwa inangoja, na Bibi Hermine anapakia sanduku la mwisho.

"Barua gani ya serikali?" akauliza.

"Ukurasa wa kumi na tatu. Sauti ya Delpuech haisisimui, nakubali." Akavaa glavu. "Mwenye jumba anaamriwa kuezeka upya. Vigae vya mawe vilivyochongwa kwa mkono, mbao za mwaloni. Bati hapana. Turubai hapana. Kubomoa ni kosa. Makadirio ni laki tisa, lakini hayo ni ya miaka sita iliyopita."

"Ulinijua tangu mwanzo!"

"Sikukujua hata kidogo. Nilingoja miaka kumi na tisa nimpate mtu yeyote mwenye kitambulisho." Akamwekea mkononi ufunguo mzito wa chuma. "Wenye akili walisoma. Wenye fedha walipanda juu wakatazama. Wewe ulikuwa wa kwanza ambaye hakufanya lolote kati ya hayo."

"Nitaliuza!"

"Jaribu euro moja. Mimi nilishuka hadi nusu euro." Akaingia garini, akashusha kioo. "Upepo ukitoka magharibi, beseni kubwa liwe chini ya picha ya babu. Si ya babu mwenye mbwa, ya yule mwingine."

Teksi ikaondoka kwenda kwenye lifti.

Wiki iliyofuata gazeti la mkoa, lisilokosa habari za majumba, likatoa picha ya mmiliki mpya akiwa mlangoni, na chini yake jina lote: Anselme Fulbert Courtebotte. Mwandishi alikuja asubuhi, na Anselme, kwa mazoea, alikuwa amechana nywele vizuri. Ilikuwa picha safi sana. Mtu aliyewahi kumwona mara moja asingeshindwa kumtambua.

Jumamosi mvua ilianguka. Anselme alikuwa na mabeseni kumi na saba, na jumba lilikuwa na matundu zaidi ya hayo. Alikuwa juu ya kiti, sufuria mkononi, aliposikia magari matatu uwanjani. Akatazama dirishani, akashuka kitini. Aliwajua wote. Alitangulia mwalimu mkuu mstaafu, Bibi Philomène Gassiot, ambaye Anselme alimuuzia kaburi lenye mandhari ya bahari katika mji usio na bahari. Nyuma yake alikuja daktari wa meno wa Libourne. Nyuma ya daktari alikuja Régis Mazeau, fundi paa mwenye mabega kama kabati, aliyenunua kwake nusu ya farasi wa mashindano. Nusu zote mbili zilikuwa za polisi.

"Courtebotte," akasema Bibi Gassiot, akitamka kila herufi kama anayeita rejista. "Kumbe unaitwa Courtebotte. Vaa koti. Tunakwenda kwa askari."

Anselme akaweka sufuria chini. Aliona aibu. Alichoka. Alikuwa na baridi tangu Jumatano.

Tone likaanguka kwenye kipara cha daktari. La pili likaanguka kwenye miwani. Fundi Régis akainua macho, akatazama dari kwa muda, kisha akaruka ile kamba ya ngazini na kupotea juu. Wakasikia hatua zake zikienda mwisho wa jumba, zikisimama, zikirudi. Alipotelemka alikuwa analia kwa kicheko, akakaa sakafuni, ndani ya beseni.

"Ni lako?" akauliza. "Kwa hati?"

"Kwa hati," akasema Anselme.

"Na huwezi kuliuza?"

"Siwezi."

Wakaenda pembeni watatu, wakashauriana chini ya mwavuli mmoja, katikati ya sebule. Régis alinong'ona, daktari akacheka, Bibi Gassiot akajaribu asicheke akashindwa. Kisha akarudi, amejinyoosha.

"Tumebadili mawazo. Hatutakushitaki. Utabaki hapahapa. Ila siku utakayolala nje ya jumba hili usiku mmoja, tutakwenda kwa askari, na kila mwezi mmoja wetu atapita kutazama kama upo."

Mlango mkubwa ukagongwa na upepo wa magharibi, na kutoka ghorofani kikaanguka kitu kizito chenye maji. Anselme akaenda kuchukua koti lake msumarini, akalivaa, akafunga vifungo vyote.

"Bibi Gassiot, nakuomba. Nina makosa, nimekiri. Nipelekeni leo."

"Ndivyo tulivyokuja kufanya," akasema yule mwalimu, akifungua mwavuli wake ili avuke ukumbi. "Lakini Régis anasema aliwahi kupata kazi ya kuezeka kule jela. Anasema paa lake ni zuri mno."